Amri ya Mwalimu wa Oklahoma
Katika jimbo la Oklahoma, nchini Marekani, Msimamizi Mkuu wa Elimu hateuliwi na gavana. Huchaguliwa kwa kura za wananchi kila baada ya miaka minne. Vyama hukishindania kiti hicho, na Novemba 2022 kilimwangukia Ryan Walters, mhafidhina wa chama cha Republican, aliyepata kufundisha historia katika shule ya sekondari mjini McAlester.

Mtu aliyeshika chaki tungetarajia awajue walimu wenzake. Lakini Juni 2024 aliziamuru shule za umma zifundishe Biblia, tangu darasa la tano hadi la kumi na mbili. Wakuu kadhaa wa elimu wilayani walitamka hadharani kwamba hawatabadili mitaala yao.

Hapa hatuihukumu Biblia, ambayo wengi wetu twaiheshimu. Tunaihukumu amri. Ndugu askari, yeyote aliyepata kuongoza hata seksheni moja afahamu kuwa amri wasiyoielewa watekelezaji hutimizwa mbele ya macho ya mkubwa tu, akigeuka, imekwisha. Walters alijiuzulu Septemba 2025, muhula wake haujatimia. Oktoba hiyo hiyo mrithi wake, Lindel Fields, akaifuta amri, ilhali nakala zaidi ya 500 zilikwisha nunuliwa kwa fedha za umma.

Uchaguzi wa kiti hicho umewekwa Novemba 2026. Kila mgombea aulizwe kwanza: walimu watakaoitekeleza amri yako, umewasikiliza?