Kabla Hujaita Mtu wa Msumeno

Tawi lilianguka usiku wa manane, mwezi wa Aprili, upepo wa kuleta mvua za gu ukivuma kama una deni na sisi. Lilitua juu ya jikoni, likakunja mabati mawili na kuua kuku mmoja. Binadamu hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Kufikia saa mbili asubuhi, mti ulikuwa umeshahukumiwa.

Abti, kaka yake mamangu, alisema ung'olewe. Jirani alisema yeye alishasema zamani. Mtu wa msumeno wa injini, ambaye mpaka leo sijui nani alimpigia simu, alikuwa langoni akilipima shina kwa macho. Bei yake: elfu nane kuuangusha, na kuni anabeba yeye. Mimi niliuliza kitu kimoja tu: "Abti, kwani mti una ugonjwa gani?" Akanijibu mbele ya watu wote: "Wewe uliyeacha chuo mwaka wa pili, leo umekuwa daktari wa miti?"

Sawa. Chuo niliacha, sifichi. Lakini swali halikujibiwa, na naliuliza tena hapa kwa sababu si la boma letu pekee. Zunguka Bula Iftin, Bula Punda, pita mpaka Madogo ng'ambo ya Tana. Utahesabu visiki. Hoja yangu ni hii: miti mingi ya uani tunayoiangusha haikuwa na kosa. Kosa ni letu, tulilifanya miaka ya nyuma kwa panga, kisha tunakuja kuuadhibu mti na kuiita adhabu hiyo usalama.

Mti wenyewe ni mwarobaini. Asili yake ni Bara Hindi, na kwetu tunauita geed hindi. Ayeeyo, nyanya yangu, aliupanda baada ya ukame wa 1992, mifugo ilipokwisha na familia ikahamia mjini. Alikuwa akiumwagilia maji yaliyobaki ya kuoshea vyombo. Mwezi wa Machi hapa joto la mchana hupita nyuzi 36, na nyumba ya mabati inakuwa oveni. Kwa hiyo sebule yetu si ile yenye makochi. Sebule yetu ni chini ya mti. Hapo ndipo mamangu hushonea, hapo wageni huketi, hapo nimeandikia kazi zote nilizowahi kulipwa, nikivuta umeme kwa waya mrefu kutoka dirishani.

Siku ile nilipanda ngazi nikaangalia pale tawi lilipong'oka. Halikuwa limeoza. Lilikuwa limemea juu ya kidonda cha zamani. Nikakumbuka: miaka kadhaa nyuma, dishi la televisheni lilikuwa halishiki, na mti ukakatwa kichwa ili dishi lipate njia. Aliyeamuru ni abti. Nilimkumbusha. Akasema chai yake imepoa.

Hili ndilo jambo ambalo kila mwenye mti uani anafaa kulijua. Tawi la kawaida hukua pamoja na shina, mwaka juu ya mwaka, nyuzi za mbao zikifumana. Ukikata kichwa cha mti ukaacha kisiki, mti hushtuka na kutoa machipukizi mengi kwa haraka pembeni ya jeraha. Hayo hayajashika kwa ndani, yamekalia gamba tu. Yananenepa, yanarefuka, yanabeba majani mazito, na chini yao kidonda kinaoza polepole. Halafu siku moja upepo unakuja, nasi tunasema, "Mti huu ni hatari." Si kwamba mti ulikuwa hatari. Tuliufanya hivyo, tukausahau, tukangoja.

Usinielewe vibaya. Mimi si wale wa kukumbatia kila mti. Baada ya mafuriko ya El Nino mwishoni mwa 2023, kuna mti mtaani kwetu ulianza kuegemea upande wa madrasa. Haukuwa umeinama tangu utoto, maana mti uliokua umepinda unaweza kusimama hivyo maisha yake yote. Huu uliinama ghafla, na upande wa pili udongo ukapasuka na kuinuka, maana yake mizizi ilikuwa imeachia. Ulikuwa na uyoga mgumu kwenye kitako, na ukiugonga ulilia kama debe tupu. Watoto hupita pale mara mbili kwa siku. Huo nilisema uangushwe, na mimi mwenyewe nilishika kamba. Sikulia.

Kwa hiyo maswali ni machache na hayahitaji digrii. Je, umeinama juzi au umekuwa hivyo siku zote? Udongo kwenye kitako umepasuka? Shina liko wazi ndani, au lina ufa unaoshuka? Kuna uyoga kwenye mizizi? Je, sehemu kubwa ya matawi imekauka? Na ukianguka, utamwangukia nani? Kama majibu mengi ni mabaya na chini yake wanalala watu, mwite mtu wa msumeno, na umlipe bila kinyongo. Lakini kama tatizo ni tawi moja, au matawi mawili, basi ni tawi linalotolewa. Huwezi kumzika mtu kwa sababu ya jino.

Na likitolewa, litolewe vizuri. Tawi zito huanzwa kukatwa kwa chini, mbali kidogo na shina, kisha juu, ili lisichane gamba la mti mzima likianguka. Halafu kile kipande kilichobaki kinakatwa nje tu ya ule uvimbe ulio shingoni mwa tawi. Usiuguse uvimbe, maana ndio unaofunga kidonda. Usiache kisiki kirefu cha kuanikia nguo. Usipake oili chafu, mti hufunga jeraha lake wenyewe. Na usitoe zaidi ya robo ya majani kwa mwaka, kwa sababu majani ndiyo jiko lake. Kama kuna nyaya za stima karibu, hapo usipande kabisa, ni kazi ya watu wa stima.

Kuna watakaosema, "Na mathenge je?" Swali zuri. Mathenge ni mti wa kigeni pia, uliletwa na miradi ya kupambana na jangwa, na miaka ya themanini ulipandwa hata kule Bura, chini yetu kwenye Tana. Leo umeziba malisho na njia za maji. Mwaka 2006 wafugaji wa Baringo waliishtaki serikali, wakafika mahakamani na mbuzi ambaye meno yalikuwa yameisha kwa kula maganda yake matamu. Mathenge uani kwako ukiukata juu tu, unarudi na hasira. Huo ung'oe na mzizi. Ndiyo maana nasema tuangalie mti ulio mbele yetu. Hukumu moja kwa miti yote ni uvivu.

Na uvivu huo una baraka za wakubwa. Katiba yetu, kifungu cha 69, inataka angalau asilimia kumi ya nchi ifunikwe na miti. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hadi likizo ya kitaifa ya kupanda miche. Mwaka 2020 mugumo mmoja mkubwa wa Waiyaki Way, Nairobi, uliokolewa na amri ya rais barabara ya juu ilipokuwa inapita. Nilifurahi. Lakini mwarobaini wa uani Garissa hauna rais. Una abti. Tunapanda miche elfu kwa kamera, wiki ya pili mbuzi wameimaliza, na huku tunaangusha kwa elfu nane mti wa miaka thelathini ambao tayari umeshinda mbuzi, ukame na mafuriko. Hiyo hesabu nani aliifundisha?

Tena tazama anayetoa ushauri. Mtu wa msumeno hulipwa mti ukianguka, na kuni anauza. Simlaumu, ana watoto. Ila anayekula kwa mti kuanguka hawezi kuwa hakimu wake. Jirani aliyesema alishasema zamani, wake aliuondoa na kumwaga saruji boma lote. Ni safi, kweli. Kila siku saa tisa anakuja na kiti chake kukaa kwetu.

Aliyeamua kesi ni ayeeyo. Alikuwa amenyamaza asubuhi yote. Akaagiza hangool yake, ile fimbo ndefu yenye ndoano ya kuvutia matawi ya miiba, ambayo hakuiacha hata mifugo ilipokwisha. Akaielekeza juu, kwenye tawi la pili lililomea juu ya kidonda kile kile. Akasema wakati wa ukame walikuwa wakiwashushia mbuzi matawi, na aliyekata shina alilipa faini mbele ya wazee. Kisha akamuuliza abti: "Wewe utaketi wapi?"

Tawi la pili tulilitoa kwa shilingi elfu moja mia tano, kwa msumeno wa mkono. Majani walikula mbuzi wa jirani yule yule. Abti hajakubali. Ameupa mti mpaka mvua za deyr, Oktoba, na kila upepo ukivuma anatoka nje na tochi kuuangalia. Mimi pia natoka. Tunasimama pale gizani wawili, hatuongei, tunamulika juu.