Mboga za mtoto wako zimepimwa kwa jiwe gani?

"Daktari, hizi nyanya zenye unga mweupe, nikizifuta kwa kanga zinakuwa salama?" Swali hili niliulizwa na mama mmoja mjini Tunduma, mtoto wake mgongoni. Nikamwambia kufuta hakutoshi, aoshe kwa maji yanayotiririka. Akauliza tena: "Na nikishaosha, nani anajua kilichobaki?" Hapo sikuwa na jibu la haraka. Makala ya leo ni jibu langu kwake.

Unga ule mara nyingi ni mabaki ya dawa ya ukungu iliyopigwa shambani. Lakini ziko dawa zisizoonekana kwa macho, na ziko zinazoingia ndani ya mmea, ambazo hata ukiosha hazitoki zote. Anayeweza kusema kilichobaki ni maabara.

Maabara inajuaje? Fikiria mizani ya sokoni. Muuza maharage anaweka jiwe la kilo upande mmoja na maharage upande wa pili. Jiwe likiwa limechongwa, mizani itatulia vizuri tu, nawe utakuwa umepunjwa. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo hukagua mawe yale. Maabara nayo ina jiwe lake, nalo ni kemikali rejea: kiasi kidogo cha dawa husika kilichosafishwa, chenye cheti kinachoonyesha usafi wake na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mtaalamu huipitisha kwenye mashine, hupitisha pia sampuli ya nyanya, kisha hulinganisha.

Kinachotafutwa ni kidogo mno. Umoja wa Ulaya, kwa dawa isiyowekewa kiwango chake maalumu, hauruhusu zaidi ya miligramu 0.01 katika kilo moja ya chakula. Hiyo ni gramu moja ndani ya tani 100, yaani zaidi ya malori matatu ya tani 30, kama yale yanayopanga foleni hapa kuvuka kwenda Nakonde. Kwa kiasi kidogo hivyo, jiwe likiwa bovu au limepitwa na muda, majibu hayaaminiki.

Tena kila dawa inahitaji jiwe lake. Maabara isiyo na kemikali rejea ya dawa fulani haiwezi kuipima dawa hiyo kwa uhakika. Kwa hiyo ripoti ikisema "hakuna mabaki", huenda maana yake ni kwamba hakuna aliyeyatafuta. Kwetu mpakani jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu dawa ikipenya kwa njia ya panya bila kusajiliwa, maabara inaweza isiwe na jiwe lake kabisa.

Vyombo tunavyo. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 ilianzisha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye makao makuu Arusha. Usalama wa chakula ulihamishiwa TBS mwaka 2019. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ipo. Ninachodai mimi ni mambo matatu. Kwanza, bajeti ya kemikali rejea itengwe kila mwaka, maana huisha muda. Mashine ya mamilioni bila hizo ni mizani isiyo na mawe. Pili, sampuli zichukuliwe mara kwa mara kwenye masoko ya Tunduma, Vwawa na Mlowo. Tatu, majibu yatangazwe kwa Kiswahili, yakitaja dawa zilizotafutwa na zisizotafutwa.

Nitaambiwa kemikali hizi ni ghali, nyingi huagizwa nje na hutunzwa kwenye baridi kali. Ni kweli. Lakini Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa hofu ya sumukuvu, vipimo vya chakula viligeuka hoja ya taifa zima. Kahawa ya Mbozi nayo ikienda Ulaya, ina viwango vya mabaki vinavyoisubiri. Nyanya ya soko la Tunduma nani anaiulizia cheti? Mtoto wa Momba hana thamani ndogo kuliko mnywaji kahawa wa ng'ambo. Kwa uzito wa mwili wake, mtoto hula chakula kingi kuliko mtu mzima, na ubongo wake bado unakua.

Wakati tunasubiri, usiache mboga. Faida yake kwa mtoto ni kubwa. Osha kwa maji yanayotiririka huku ukisugua kwa mkono, tena kabla ya kupika, kwa sababu dawa ya ukungu kama mankozebu ikipata moto hutoa kemikali nyingine inayoweza kudhuru tezi ya shingoni. Usitumie sabuni. Menya kinachomenyeka. Kama unalima, heshimu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa kati ya kupiga dawa na kuvuna. Mtoto akitokwa mate na jasho jingi, akatapika au kupumua kwa shida baada ya kugusa au kumeza dawa, mkimbize hospitali na ubebe chupa yenyewe.

Mama yangu wa Tunduma, jibu ndilo hili: kilichobaki kinaweza kujulikana. Na wewe una haki ya kuambiwa.