Mmea Unaohesabu Kabla ya Kula



Binadamu ana haraka ya kuhukumu. Akisikia kwamba upo mmea unaokamata nzi na kumla, mara huuita katili, kana kwamba umeiasi asili yake. Juma hili nawaomba tuusikilize kwanza utetezi wake. Maoni yangu ni kwamba mmea huo hauna hatia, na kwamba mlafi katika habari hii ni mwingine.

Kwa Kilatini huitwa Dionaea muscipula; nasi tuuite mtego-nzi. Kwa asili huota katika eneo moja tu duniani: nyika chepechepe za misonobari karibu na pwani ya Carolina Kaskazini na Carolina Kusini, nchini Marekani. Udongo wa huko una tindikali, nao ni fukara wa naitrojeni na fosforasi. Jua lipo, maji yapo, na majani yake ya kijani huutengenezea sukari kama mmea mwingine wowote. Kinachokosekana ni virutubisho vya kuujenga mwili, na hivyo ndivyo unavyovitafuta kwa mdudu. Hauwindi kwa ukatili, bali kwa uhitaji.

Tazameni basi jinsi unavyowinda. Ncha ya jani ina kurasa mbili kama kitabu kilichofunguliwa, na kila ukurasa kwa kawaida una vinywele vitatu. Mdudu akigusa kinywele mara moja, mtego hautikisiki. Huenda lilikuwa tone la mvua. Mguso wa pili ukija katika muda wa sekunde 20 hivi, mtego hufumba kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hata hapo mlo haujaanza. Meno ya ukingoni huacha mianya, na mdudu mdogo asiye na faida hupenya akaenda zake. Aliye mkubwa hufurukuta, akivigusa vinywele tena na tena. Mwaka 2016 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba ni baada ya miguso ipatayo mitano ndipo mmea huanza kuandaa vimeng'enya vya kuyeyusha mawindo. Kingo hubana, jani huwa kama tumbo, na baada ya siku kadhaa hufunguka likiwa limebaki ganda tupu. Kwa kuwa kila mtego hutumika mara chache tu kisha ukafa, mmea hauwezi kufanya pupa.

Ua lake nalo huinuka juu ya bua refu, mbali na mitego. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uligundua kwamba wadudu wanaolichavusha hunaswa kwa nadra sana. Anayeuhudumia hali, na anayeulisha si yule anayeuhudumia.

Wasomi nao waliteleza. Mwaka 1769 John Ellis alimwandikia Carl Linnaeus kwamba huenda mmea huu hujilisha kwa wadudu. Linnaeus, bingwa wa kuviainisha viumbe, hakukubali. Kwake ilikuwa kinyume cha mpango wa uumbaji. Ilikuwa hadi mwaka 1875 ndipo Charles Darwin alipotoa kitabu kizima kuthibitisha kwamba mimea ya namna hii humeng'enya mawindo yake kwa kweli. Nasema Linnaeus alimpangia Muumba mipaka ambayo Muumba mwenyewe hakujiwekea. Kosa hilo lingali letu kila tunapoita kiovu kile tusichokielewa.

Na mlafi ni nani? Ni yule anayeingia nyikani usiku, akang'oa mitego-nzi kwa mamia ili aiuze. Wizi huo ulizidi hata Carolina Kaskazini, kuanzia Desemba 2014, ikaufanya kuwa kosa kubwa la jinai. Ni sisi pia tunaokausha vinamasi kwa ajili ya majengo, na kuzima mioto midogo ya asili ambayo huondoa vichaka vinavyoufunika mmea huu usipate jua.

Mmea huhesabu kabla ya kufumba, humwachia mdogo, na ukishapata haja yake hufungua. Mwanadamu huchukua bila kuhesabu, wala mkono wake haufunguki. Kabla ya kutamka neno "katili", basi, tutazame kwanza linamfaa nani.