Uchungu Pingamizi Hausubiri Kupambazuke

Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012 na makao yake kuwekwa Bariadi, nia ilikuwa kuisogeza Serikali karibu na wananchi. Kipimo cha ukaribu huo si wingi wa ofisi. Kipimo ni mama wa Itilima au Meatu aliyeshikwa na uchungu usiku, mvua zimejaza mito: je, msaada humfikia kabla hajaangamia? Ndugu zetu wa Ukerewe, ng'ambo ya Ghuba ya Speke, wanalielewa swali hili, maana kwao mto huo ni ziwa zima.

Tunazungumzia uchungu pingamizi, yaani mtoto kushindwa kupita ijapokuwa uchungu ni mkali, ama kwa wembamba wa nyonga, ama kwa kuwa amelala vibaya. Kichwa kikikandamiza kibofu kwa saa nyingi, nyama hufa, na mama aliyenusurika hubaki akivuja mkojo. Hiyo ndiyo fistula. Mara nyingi mtoto hufa. Aidha, kizazi chaweza kupasuka, mama akatokwa na damu hata kufa.

Wapo wanaosema hiyo ni kazi ya Mungu. Wengine humtaka mama aungame uzinzi, au humnywesha mitishamba ya kuongeza uchungu. Mambo haya hayana budi kukomeshwa. Kuongeza uchungu pale njia ilipozibwa ni kukaribisha kizazi kupasuka. Wala dini haikufundisha kukaa kitako. Sisi tuliosoma chuoni twajua ya kwamba Bibi Maryam, uchungu ulipomfikisha penye shina la mtende, aliamriwa alitikise. Rehema ilikuwapo, lakini mkono ulitakiwa unyooshwe.

Tiba si siri. Mwaka 1972 madaktari Philpott na Castle, wakiwa katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, walieleza chati yenye mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua, ili mkunga wa kijijini ajue saa ya kumpeleka mama hospitali. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu, lakini shabaha ni ile ile: kuutambua mkwamo mapema. Chati inayojazwa baada ya mtoto kuzaliwa ni karatasi tupu.

Hatukatai kwamba Taifa limepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015-16. Tangu mwaka 2017 vituo vingi vya afya vimejengewa vyumba vya upasuaji. Lakini chumba hakipasui. Chumba chataka mpasuaji, mtaalamu wa usingizi, damu na taa, tena usiku wa manane siku ya sikukuu. Viongozi wanaozuru vituo wasiridhike kuonyeshwa rangi ya kuta; na waulize nani yuko zamu usiku huu, na mama wa mwisho alingoja saa ngapi.

Nasi wananchi tuna wajibu wetu. Mfumo wa m-mama, ulioanza kuenezwa nchini mwaka 2022, huita gari kwa simu namba 115. Kila mkutano wa kijiji na ujulishwe namba hiyo, na uteue gari au mashua ya akiba. Mama aliyewahi kupasuliwa asingojee uchungu umkute mbali. Asogee karibu na hospitali siku zake zikikaribia. Na binti abaki shuleni, kwani nyonga isiyokomaa ni chanzo kimojawapo cha msiba huu.

Mama aliyekwama hahitaji pole zetu za asubuhi. Anahitaji saa zake za usiku ziwe na mwenyewe, kuanzia nyumbani kwake hadi ofisi ya Mkoa.