Kalenda Haivunji Ndoa

Mume akitoweka, mtaa humpa mkewe talaka kabla ya mahakama. Watu huhesabu miaka, na wakiona imetosha humhimiza aolewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, haisemi hivyo. Mtu asiposikika kwa miaka 5, hata na wale wanaotazamiwa kuwa na habari zake, hudhaniwa tu kuwa amekufa, na dhana hiyo huanguka siku atakapobisha hodi. Kinachofungua mlango ni amri ya mahakama. Kwa hiyo ndugu anayeweka pingamizi ndani ya siku 21 za tangazo la ndoa, akitaka amri hiyo ionyeshwe, hafanyi ukorofi.

Watasema sheria inamfunga mwanamke. Ni kweli mzigo haulingani: mume mwenye ndoa ya wake wengi anaweza kuoa tena mkewe akiwa hajulikani aliko, ilhali ndoa ya pili ya mke ni batili. Na wakwe wengine, tuseme ukweli, hulinda shamba kuliko ndoa. Lakini aliyetelekezwa kwa makusudi miaka 3 hana haja ya kungoja mumewe adhaniwe maiti. Huo ni ushahidi wa kudai talaka, hata katika mahakama ya mwanzo. Tena asiyejua mwenzake alipo hadaiwi kupita kwanza baraza la usuluhishi. Karani anayemrudisha mama huyo akatafute barua ya baraza ndiye wa kuwekewa pingamizi.