Kabila Linapogeuzwa Namba

Chukua watu wawili wa nchi moja kwa bahati nasibu. Je, kuna uwezekano gani wakawa wa makabila tofauti? Jibu la swali hilo ndilo fahirisi ambayo wanauchumi William Easterly na Ross Levine waliitumia mwaka 1997, walipodai kuwa mgawanyiko wa kikabila unaeleza sehemu kubwa ya kudorora kwa uchumi wa Afrika. Takwimu zenyewe zilitoka katika atlasi iliyochapishwa Moscow mwaka 1964. Nchi iliyoongoza kwa mchanganyiko ilikuwa Tanzania: 0.93.

Mtanzania atacheka, maana kwake utani wa Mzaramo na Mnyamwezi ni burudani ya msibani. Mwanatakwimu naye atajibu kwamba modeli husema wastani, na nchi moja haiangushi wastani. Ana haki. Lakini nchi inayokataa kukaa kwenye mstari ndiyo ya kufungiwa safari.

Mwanauchumi Edward Miguel alifunga safari hiyo. Katika makala yake ya mwaka 2004 alilinganisha Busia, magharibi mwa Kenya, na Meatu, iliyokuwa Shinyanga wakati huo na sasa iko Simiyu. Zote zilikuwa wilaya za vijijini katika ukanda wa Ziwa Victoria, zenye watu mchanganyiko, na zote zilipitia utawala wa Mwingereza. Huko Busia, kwa Waluhya, Wateso na Wajaluo, kadiri eneo lilivyochanganya makabila ndivyo shule za msingi zilivyopata michango haba kutoka kwa wenyeji. Meatu uhusiano huo haukuonekana. Miguel alitaja sera za Nyerere: Kiswahili, mtaala wa kujenga taifa, kuondolewa kwa machifu, mabaraza ya vijiji.

Mfuasi wa Mwalimu atapiga makofi hapa. Asubiri kidogo. Kenya na Tanzania hazitofautiani kwa lugha ya shuleni tu. Ardhi inamilikiwa kwa taratibu tofauti, na Kenya ya miaka ya 1990 ilipitia mapigano ya kikabila yaliyochochewa na siasa. Kwa nchi mbili na sababu kumi, ulinganisho umeonyesha kwamba sera zina uzito. Haujaonyesha ni sera ipi.

Mwanasayansi wa siasa Daniel Posner, mwaka huohuo wa 2004, alibana zaidi ulinganisho wa aina hiyo. Aliwaendea Wachewa na Watumbuka katika vijiji vya pande mbili za mpaka wa Zambia na Malawi, mpaka ambao wakoloni waliuchora bila kuwauliza. Watu ni walewale, mila ni zilezile. Malawi ni mahasimu, Zambia ni marafiki. Sababu aliyoitoa ni ukubwa: Malawi kila kundi linatosha kuwa mtaji wa mwanasiasa, Zambia yote mawili ni madogo mno.

Kwangu, hapo ndipo fahirisi inapoumbuka. Haijui kabila lipi lina kazi gani kwenye siasa. Hata kuhesabu kwenyewe kuna mushkili. Fikiria mji wa pwani ya Kenya wenye Wagiriama, Wadigo, Waduruma na wenzao, makabila tisa kwa jumla, kwa idadi sawa. Ukiwaandika kwa majina yao, fahirisi ni 0.89. Ukiwaandika Wamijikenda, jina lililoshika katika miaka ya 1940, ni sifuri. Hakuna mtu aliyehama wala kuzaliwa. Karani amebadilisha safu tu.

Sisemi modeli zitupwe. Bila hesabu, Miguel asingejua kuwa Busia na Meatu zinapishana. Angebaki na hadithi za barazani. Ila katika vyuo vyetu mwanafunzi hufundishwa kubonyeza programu ya takwimu kabla hajaulizwa namba zake zilihesabiwa na nani, lini, kwa orodha ipi. Wasimamizi wa tasnifu, mrudishieni jedwali lake mpaka ajibu hayo matatu.