Kabla Jiwe Halijaingia Katika Tangi la Samaki



Baada ya Idi, mjukuu wangu alirejea kutoka ufukweni na mfuko wa mawe meupe yenye matundu. Aliyatia yote katika tangi dogo la samaki lililopo sebuleni, nasi tukamsifu kwa jinsi lilivyopendeza. Siku ya tatu asubuhi samaki wawili walikuwa wakielea, wamekufa. Mtoto akalia, akaniuliza: "Babu, ni mimi niliyewaua?" Sikumjibu upesi, kwa kuwa kosa lilikuwa letu wakubwa, tuliotazama tukanyamaza.

Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akimtania kwa upole mtoto Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (r.a.), kwa kumuuliza habari za kidege chake. Kwa hadithi hiyo wako wanachuoni waliojuzisha kumfuga ndege tunduni, kwa sharti la kumtunza. Lakini ipo pia hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Samaki wa tangini hana tofauti na paka yule: hawezi kuyahama maji tuliyomtilia. Basi kila kinachoingia katika maji hayo kiko juu ya dhima yetu.

Kwanza, tuchague. Jiwe la kando ya barabara huwa limenyonya mafuta ya magari, na la shambani huenda lina dawa za kuulia wadudu. Jiwe lenye michirizi ya kutu au linalometameta kama madini, tuliache. Linalomomonyoka mkononi nalo halifai. Mawe magumu na laini ya mtoni, mbali na viwanda na mashamba, ndiyo yenye usalama zaidi.

Pili, tulipime. Likwaruze jiwe kavu, kisha dondoshea siki mahali palipokwaruzwa. Likitoa mapovu, lina chokaa. Matumbawe yote ya pwani yetu ni ya namna hiyo. Chokaa huyeyuka polepole, ikayafanya maji kuwa mazito na kuyaondolea uasidi. Samaki waliozoea maji laini, kama wale wenye asili ya mto Amazon, hudhoofika. Lakini samaki wa Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yana alikali kwa asili yake, huyapenda maji kama hayo. Kwa hiyo jiwe hilo hilo laweza kuwa dhara kwa huyu na manufaa kwa yule; ni wajibu wetu kumjua tunayemfuga.

Tatu, tulisafishe. Lisugue kwa brashi ngumu na maji matupu, wala usitumie sabuni, kwani hubaki katika vinyweleo vya jiwe na huwadhuru samaki. Kisha liweke ndani ya sufuria, limiminie maji yaliyochemka, uliache mpaka yapoe; rudia mara mbili au tatu. Usilitie jiwe motoni wala ndani ya oveni. Maji yaliyojificha ndani yake hugeuka mvuke, na jiwe laweza kupasuka na kumjeruhi mtu.

Hapa nawasihi sana wazazi wa pwani: jiwe la baharini lenye viumbe hai juu yake msilichemshe kabisa wala msilisugue ndani ya nyumba. Baadhi ya viumbe laini wanaoota juu ya miamba wana sumu kali, ambayo huweza kupanda pamoja na mvuke. Imetokea huko Ulaya na Marekani familia nzima kulazwa hospitalini kwa sababu hiyo. Isitoshe, jiwe lenye uhai ni makazi ya viumbe wa Mwenyezi Mungu. Liacheni baharini.

Nne, tusubiri. Lizamishe jiwe ndani ya ndoo ya maji safi kwa wiki moja, ukiyabadilisha kila siku. Yakitoa harufu, utando au rangi, jiwe bado halijawa tayari. Likiwa tayari, liweke taratibu juu ya sakafu ya tangi kabla ya mchanga, lisije likayumba na kuvunja kioo.

Kwetu, yale mawe meupe tuliyatoa. Matundu yake yalikuwa yamejaa mabaki ya wadudu wa baharini, nayo yalioza na kuyachafua maji. Nilimjibu mjukuu wangu hivi: "Hukukusudia, na hukuwa umefundishwa. Sasa tutajifunza pamoja." Hivi leo ndoo yenye mawe matano ya mtoni ipo uani, naye huyabadilisha maji yake kila baada ya swala ya Alasiri. Jana alinusa, akatikisa kichwa, akasema bado. Nikamwambia tungoje.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu kwa vyote alivyotudhaminisha, vikubwa na vidogo. Amin.